Engrenages: vipindi 86, na stelingi hashtakiwi

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wiki kadhaa zilizopita nililalamika humu kwamba nimechoshwa na tamthilia za kipolisi ambazo muuaji hukamatwa kabla chai haijapoa, na baadhi yenu mkanielekeza kwenye Engrenages ya Ufaransa mkisema kwamba hiyo ndiyo dawa. Nikaitafuta, nikaigharamia, nikaitazama yote: misimu 8, vipindi 86, kuanzia ule wa kwanza wa mwaka 2005 hadi ule wa mwisho wa mwaka 2020. Nusu ya ushauri wenu naishukuru. Nusu nyingine ndiyo iliyonileta hapa. Nitataja mambo ya ndani ya hadithi, hivyo ambaye hajaiona na anapenda kushtukizwa afunge uzi huu sasa. Namna inavyoisha tu ndiyo nitakayoiacha.

Nianze na haki yake, maana kama ingekuwa kazi mbovu nisingepoteza usiku mzima kuigombeza. Neno "engrenages" ni magurudumu yenye meno yanayoshikana, moja likizunguka linalilazimisha jingine, na jina hilo halikuwekwa kwa pambo. Alexandra Clert, aliyeibuni, alikuwa wakili, na baadaye kamishna wa polisi naye alishiriki kuiandika, inaonekana. Hakuna mpelelezi mmoja mwenye akili za kimiujiza. Kuna kapteni Laure Berthaud na vijana wake, Gilou na Tintin; kuna mwendesha mashtaka Pierre Clément; kuna wakili Joséphine Karlsson, mwenye njaa ya fedha na ya jina; na kuna hakimu François Roban. Mara nyingi kesi hukwama kwa karatasi moja ambayo haikusainiwa kwa wakati, wala si kwa ujanja wa muuaji, na mwandishi anayethubutu kujenga wasiwasi wa kipindi kizima juu ya saini mimi namvulia kofia.

Kwa sisi wa Tanzania na Kenya tuliorithi mfumo wa Kiingereza, ambapo polisi hupeleleza na hakimu hukaa akisubiri kuletewa ushahidi, Roban ni kiumbe mgeni. Yeye ni hakimu mpelelezi: huwaelekeza polisi, huwahoji watuhumiwa na mashahidi, na kwa mujibu wa sheria anatakiwa kuyatafuta yanayomtia mtu hatiani na yanayomsafisha kwa bidii ileile. Januari 2009 Rais Nicolas Sarkozy alitangaza nia ya kuufuta wadhifa huo, jambo ambalo halikutimia, na ukiutazama msimu wa 3, uliotoka mwaka uliofuata, Roban akifukua uchafu wa wanasiasa huku wakubwa wake wakimwekea vigingi kwa tabasamu, unaona kwamba waandishi hawakuwa wakibuni hewani. Philippe Duclos anamwigiza kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Anakaa katika ofisi iliyosongwa na majalada, mtuhumiwa mbele yake, karani pembeni. Anauliza kwa sauti ya chini, kama mwalimu aliyekaribia kustaafu. Mtuhumiwa anadanganya. Roban habishani naye. Anamgeukia karani na kuurudia uongo ule polepole ili uandikwe neno kwa neno, na hapo ndipo jasho linapoanza kumtoka aliyeusema.

Saa za rumande nazo zimetumika vizuri. Mtu akikamatwa, polisi wana saa 24, zinazoweza kuongezwa zikawa 48, na kwa makosa ya magenge hata 96. Katika misimu ya mwanzo wakili aliruhusiwa kumwona mteja wake kwa nusu saa tu, kisha akafungiwa mlango mahojiano yakiendelea. Sheria ya Aprili 2011 ndiyo iliyowaingiza mawakili ndani ya chumba, na katika misimu iliyofuata unauona uso wa Gilou ukikunjamana kila anapolazimika kuuliza maswali mbele ya mtu aliyeshika kalamu. Tamthilia chache sana hubadilika pamoja na sheria ya nchi yake.

Sasa nije kwenye lililonikera. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua kanuni ya "stelingi hafi": mhusika mkuu hata apigwe risasi kumi, atainuka. Engrenages inajidai kuwa imeivunja kanuni hiyo, na kweli humo watu wakubwa hufa, lakini imeweka nyingine mbaya zaidi, kwamba stelingi hashtakiwi. Tangu msimu wa 1 tunajua kwamba Gilou anatumia kokeini, na Laure anafumba macho. Mwishoni mwa msimu wa 3 Laure anamuua mtuhumiwa kwa risasi. Msimu wa 4 unaanza na uchunguzi dhidi yake, tunashika roho, kisha uchunguzi unafifia kama moshi kwa sababu kuna bomu la kutafutwa na hakuna mwingine wa kulitafuta. Kila mara ni vivyo hivyo: ripoti inarekebishwa, mtoa habari anatumiwa na kutupwa, mtuhumiwa anapigwa chumbani, na bosi anapokuja juu kamera inamsogelea Laure usoni, macho mekundu, nywele hazijachanwa, ili tumhurumie. Caroline Proust, anayemwigiza Laure, ni mwigizaji hodari mno, na uhodari wake ndio unaotumika kutuhonga. Tintin, ambaye kwa muda mrefu ndiye pekee aliyekuwa akipima uzito wa mambo haya, mwishowe anakiacha kikosi, na hadithi inamwacha aende kama vile yeye ndiye aliyekosa adabu.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema kwamba msimu wa 8 unamkuta Gilou gerezani. Ndiyo, lakini anafanywa nini humo? Badala ya kuhesabu siku zake kama wafungwa wengine, anapewa kazi: ajenge urafiki na jambazi mkubwa ili polisi wanufaike. Hata jela kwake ni kituo kingine cha kazi. Mtasema pia kwamba ndivyo ulimwengu ulivyo, polisi hulindana. Nakubali kabisa, na ndiyo maana nakasirika, kwa sababu tamthilia hii ilikuwa na chombo cha kulionyesha hilo kwa ukali, nacho ni Roban na kalamu ya karani wake, lakini kalamu hiyo ikiwafikia wapendwa wetu inaishiwa wino.

La pili ni zito zaidi. Hebu orodhesheni maiti zinazofungua misimu. Msimu wa 1, msichana wa Kiromania aliyetupwa kwenye takataka, uso umeharibiwa. Msimu wa 2, mwili uliochomwa ndani ya buti la gari. Msimu wa 5, mama na binti yake mdogo waliofungwa pamoja na kuzamishwa kwenye mfereji. Msimu wa 8, mtoto wa Kimorokko, asiye na wazazi nchini humo, ndani ya mashine ya kufulia, katika ile aina ya duka ambalo mteja hutia sarafu na kufua mwenyewe. Sisemi kwamba mambo ya kutisha yasionyeshwe. Nasema tazameni muda ambao kamera inautumia juu ya ngozi, majeraha na meza ya daktari wa maiti, kisha mlinganishe na muda inaoutumia kutuambia marehemu alikuwa nani. Yule msichana wa Kiromania ni mlango tu. Tukishaupita, tunaingia katika masaibu ya Pierre Clément na rafiki yake tajiri, na hao ndio wanaopewa nyumba, mavazi, wake, hofu na kumbukumbu. Msichana anapewa jeraha.

Na kadiri Paris inavyotanuliwa kutoka kwenye jumba la mahakama kuelekea vitongojini, ndivyo jambo hili linavyozidi. Msimu wa 6 tunapelekwa Seine-Saint-Denis, msimu wa 7 tuko katika fedha chafu za wafanyabiashara wa Kichina, na karibu kila mara mtaa wa wageni ni mahali ambapo uhalifu hutokea na polisi huingia mbio ngazini. Je, hakuna mtu anayeishi humo anayepika, anayepeleka mtoto shule, anayegombana na mkwewe? Nimewahi kusoma watu wakiusifu "uhalisia" wake. Uhalisia wa nani? Ni uhalisia wa kioo cha mbele cha gari la polisi.

Kwa uadilifu lazima niseme kwamba msimu wa 8 umejaribu kusahihisha. Souleymane, mvulana wa Kimorokko anayetuhumiwa kumuua mwenzake, anaandikwa kama mtu kamili: anadanganya, anaiba, anatukana, anaogopa, na kuna nyakati anatazama vitu vya dirisha la duka kwa macho ya mtoto yeyote. Joséphine anapomtetea, mahusiano yao ndiyo kitu bora nilichokiona katika tamthilia nzima. Lakini ilichukua miaka 15 kwa waandishi kufika hapo, kisha wakafunga duka.

Na huyo Joséphine je? Audrey Fleurot alipewa mwanamke mwenye makali, asiyeomba radhi kwa kupenda fedha, na tukampenda kwa makali hayo. Katika msimu wa 6 wakaamua abakwe na wakili mwenzake. Sipingi kuandikwa kwa ubakaji. Kuna matukio humo, hasa ukimya wake siku zinazofuata akiwa kazini kama kawaida, yaliyoandikwa kwa heshima. Kinachonikera ni kwamba yeye, anayeijua sheria kuliko wengi wanaoitumia, anasukumwa kujilipizia mwenyewe, na msimu wa 7 unamweka gerezani. Linganisheni sasa: mwanamke aliyedhulumiwa analipa mara moja na kwa ukamilifu, polisi waliodhulumu wengine hulipa kwa macho mekundu. Kama waandishi walikusudia tuuone ulinganifu huo ningewapigia makofi, lakini hakuna hata mstari mmoja unaodokeza kwamba waliuona wao wenyewe.

Kifo cha Clément katika msimu wa 5 sitakirefusha. Kilikuja kwa ghafla, kikauma, kisha kikasahauliwa upesi mno. Msimu huohuo ndio uliopata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2015, nami naelewa kwa nini, kwa sababu kwa mbio za hadithi hakuna msimu unaoufikia.

Mwisho, nina ugomvi na huduma niliyoilipia, ambayo sitaitaja. Maandishi ya tafsiri ya Kiingereza yalikuwa ya ovyo. Roban aliitwa "jaji" katika kipindi kimoja na "mwendesha mashtaka" katika kingine, kiasi kwamba mke wangu aliuliza kama mzee huyu ana kazi mbili. "Maître", ambalo ndilo jina la heshima la wakili, lilifanywa "bwana", hata kwa Joséphine. Lugha ya mtaani ya Paris, ile ya kugeuza silabi ambapo "femme" huwa "meuf" na "flic" huwa "keuf", ilisawazishwa ikawa Kiingereza cha barua ya ofisini. Nasi tuliocheza lugha ya kinyume utotoni tungeifurahia mno kama mfasiri angejaribu hata mara moja. Niliwaandikia. Wakanijibu kwamba maoni yangu ni muhimu kwao, wakanitumia tangazo la kulipia mwaka mzima.

Sasa namwomba yule mdau aliyeandika kwamba hii ni "tamthilia inayowapa sauti wasio na sauti" aje hapa anijibu jambo moja tu, bila kwenda kulitafuta mtandaoni: yule msichana wa kipindi cha kwanza kabisa, aliyekutwa kwenye takataka, alikuwa akiitwa nani? Mimi nilimaliza vipindi vyote 86, na nilipoketi kuandika uzi huu ilinibidi nirudi kutazama.