Maelezo yanasema hivi, programu inafanya vile

Mkazi wa Ngamiani
Ndugu zangu, naomba ushauri. Hapa Tanga ninatunza programu ya Python inayokokotoa malipo ya wapakiaji wa marobota ya katani kwa uzito. Maelezo niliyoyarithi kwa aliyenitangulia yanasema kuwa nusu kilo hupandishwa hadi kilo inayofuata, ilhali wiki iliyopita mpakiaji mmoja alinijia na karatasi mkononi akiuliza kwa nini kilo zake 212.5 zimeandikwa 212, na za mwenzake 213.5 zimeandikwa 214. Sikuwa na jibu. Nirekebishe maelezo au programu?

Fundi Chumbageni
Mizani yenu haina kosa. Katika Python 3, `round`, yaani amri ya kukadiria namba, hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwa hiyo 212.5 hushuka na 213.5 hupanda, katika Python 2 zote mbili zingepanda. Nahisi maelezo ni ya enzi hizo, programu ikahamishwa, na hakuna aliyerudi kuyasoma. Andika mifano ndani ya maelezo yenyewe, yaani `>>> kadiria(212.5)` (tuseme `kadiria` ndilo jina la amri yenu) na chini yake jibu linalotarajiwa, `213`, kisha uiendeshe kwa doctest, zana ya kukagua mifano ya aina hiyo, ambayo huja na Python. Siku programu itakapojibu vingine, utajua wewe kabla ya mpakiaji.

Dada wa Raskazone
Naafiki, ila doctest hukagua mifano tu, sentensi za kawaida haizisomi. Kwa hiyo sentensi kama “hukadiria ipasavyo” uifute, maana hakuna jibu la programu linaloweza kuipinga. Tena, kaka, usikimbilie kubadili maelezo ili yafanane na programu: ikiwa wapakiaji waliahidiwa kwamba nusu hupanda, basi programu ndiyo yenye kosa, nawe utumie moduli ya `decimal` pamoja na `ROUND_HALF_UP`, kanuni yake ya kupandisha nusu.

Mkazi wa Ngamiani
Ahsanteni. Nimeandika mifano mitano kwa kufuata maelezo neno kwa neno, na miwili imeanguka. Wa kwanza ni huo wa 212.5, ambao nimeurekebisha kwenye programu, kwa kuwa mapatano ya wapakiaji yamebandikwa ukutani pale ghalani. Wa pili sikuutegemea: maelezo yanasema uzito wa sifuri hukataliwa, kumbe programu huupokea na kuuchapia risiti ya shilingi sifuri. Huo sitaugusa hadi nimuulize karani kama kuna anayezihitaji risiti hizo.