Mnaoandika miongozo ya kupiga Linux kisha mnaitelekeza, mnaharibia watu mashine zao

Wakuu, nina hasira na leo nazitoa.

Tangu Windows 10 ifikie mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, wenye laptopu za zamani wamebanwa. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine), mashine haina, na hela ya mashine mpya hakuna. Wengi wanakimbilia Linux, mfumo endeshi wa bure unaowekwa badala ya Windows au pembeni yake, na wanafanya vizuri kabisa. Wanafungua mwongozo wa kwanza wanaouona mtandaoni, wanafuata hatua kwa hatua, kumbe aliyeuandika hajaugusa tangu 2018.

Na hata wenye mashine mpya hawajasalimika. Juzi kuna binti wa chuo, mwaka wa mwisho, kaniletea laptopu. Alitaka kuweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, pembeni ya Windows 11. Mwongozo ukamwambia aingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) azime Secure Boot, ulinzi unaokagua kinachowasha mashine, basi. Hakuna hata mstari mmoja wa kumwonya kwamba Windows 11 nyingi za sasa zinakuja diski ikiwa imeshafungwa na BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data, na kwamba ukiigusa Secure Boot unaweza kudaiwa ufunguo wa kuifungua. Skrini ikageuka buluu, inadai tarakimu 48. Yeye jina BitLocker alikuwa analiona siku hiyo, na ripoti yake ya utafiti imo humo humo. Ufunguo tuliukuta kwenye akaunti yake ya Microsoft. Je, kama laptopu ingekuwa ya mtumba, imesajiliwa kwa akaunti ya aliyemuuzia? Sentensi moja tu ingetosha: kabla ya kugusa BIOS, chukua ufunguo wako na hamishia mafaili yako kwingine.

Nikamwandikia mwenye mwongozo. Kajibu kwamba kwake ilikubali. Kwako, kwa mashine yako, mwaka ule! Anayekusoma leo ana mashine nyingine na toleo jingine, na hajui lipi limepitwa, ndiyo maana anakutegemea wewe. Mjuzi akikuta hatua imekosewa anairuka. Anayeumia ni mgeni.

Arch, aina nyingine ya Linux, nayo ni hivyo hivyo. Bado kuna kurasa zinasema andika `pacstrap /mnt base`, amri ya kusakinisha mfumo wa msingi, uendelee. Tangu Oktoba 2019 kifurushi cha base hakiji na keneli, yaani kiini cha mfumo! Mtu anahangaika usiku kucha, anazima, anawasha, mashine haina cha kuwasha. Anaondoka akiamini Linux ni mbovu, kumbe kwenye amri lilikosekana neno `linux` tu.

Debian, nayo ni aina ya Linux, ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu wenyewe walishatatua tatizo. Zamani faili rasmi la kusakinisha lilikuja bila fimwea zisizo huru (programu ndogo za kuendesha vifaa, ambazo msimbo wake watengenezaji hawautoi), kwa hiyo kadi nyingi za Wi-Fi zilikuwa hazishiki, na watu wakawa wanaelekezwa kwenye faili lisilo rasmi. Debian 12 ilipotoka Juni 2023, fimwea hizo ziliingizwa kwenye faili rasmi. Mpaka leo kuna miongozo inawatuma watu kule kule kwa zamani, wanateketeza bando kupakua toleo lililopitwa. Mwingine anaahidi kufufua kompyuta ya biti 32 kwa Debian ya sasa, wakati Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32.

Msiniambie ni kazi ya kujitolea. Naiheshimu, na mimi naifanya. Kuandika juu ya ukurasa "nimejaribu kwenye toleo hili, tarehe hii" kunachukua dakika ngapi? Wabaya kuliko wote ni wanaobadilisha mwaka kwenye kichwa cha habari ili waonekane wapya, bila kujaribu hata hatua moja. Huo ni udanganyifu. Nanyi mnaokwama, mkapata njia mbadala, mkanyamaza, mnamwachia shimo hilo hilo anayekuja nyuma yenu.

Toleo jipya likitoka, chukua flashi, chukua mashine ambayo si ya kazi, fuata mwongozo wako mwenyewe mwanzo mpaka mwisho kama ulivyouandika. Ukikwama, rekebisha. Huna muda, weka onyo jekundu juu kabisa umwelekeze msomaji kwenye mwongozo rasmi wa Debian au wiki ya Arch, ambayo inahaririwa kila mara. Hutaki hata hilo, futa ukurasa.

Na kama unao wa Kiswahili na umekushinda, njoo PM unikabidhi, nitauendeleza. Wengine wekeni hapa viungo vya miongozo mibovu mliyokutana nayo, na mseme ni hatua ipi iliyowakwamisha.