Naomba ushauri: vielelezo vya anatomia vinaota ukungu

Wakuu, habari za kazi. Ni fundi wa maabara ya anatomia, chuo fulani cha udaktari. Viungo vya mwili tunavyofundishia vimo kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi maiti) ya asilimia 10, yaani fomaldehidi kama asilimia 4 tu. Tatizo, kila vikikaa mezani vinakauka, na juzi nimekuta ubongo umeota ukungu. Harufu nayo inawasha macho, wanafunzi wanatoka machozi utadhani wako msibani! Plastinesheni, yaani kutoa maji na mafuta kwenye kiungo na kujaza plastiki badala yake, aliyobuni Gunther von Hagens kule Heidelberg mwaka 1977 naitamani, ila asetoni, silikoni na pampu ya kuvuta hewa ni nje ya bajeti yetu. Aliyewahi kuhamishia vielelezo kwenye gliserini yenye fenoli kidogo ya kuzuia ukungu, alichanganya kwa vipimo gani? Na aliviosha kwa maji siku ngapi kwanza?