Mrejesho: oti za matcha za kulaza kwenye friji

Wakuu, niliuliza nifanyeje matcha (unga wa chai ya kijani) isifanye madonge wala uchungu kwenye oti ninazolaza usiku kwa ajili ya asubuhi. Imekubali, asanteni sana! Aliyesema nichekeche unga kwanza, Mungu akubariki. Matcha ni jani zima la chai lililosagwa, haiyeyuki kama sukari. Sasa nachekecha kijiko kimoja cha chai, nakoroga na maji ya moto yasiyochemka, kama nyuzi 80, mpaka povu litoke. Ndipo naweka oti nusu kikombe, tui jepesi nusu kikombe (limeshinda maziwa ya ng'ombe kabisa), asali na chumvi kidogo. Ndizi nakatia asubuhi, ikilala inakuwa nyeusi. Dada aliyeuliza kama watoto wanaweza kula: matcha ina kafeini, kwa hiyo wangu nawawekea mdalasini badala yake.