Mjadala: Kinanda cha kanisa kikisharekodiwa bomba kwa bomba, sauti ni mali ya nani?

Mleta mada

Wakuu, kwa wasioujua mchezo huu nianze hivi. Kuna watu huingia kanisani usiku, magari yakiwa yamepungua barabarani na ndege wamelala. Wanatega maikrofoni, wanabonyeza kibonyezo kimoja cha kinanda cha mabomba, ile ala kubwa ya kanisa inayotoa sauti kwa upepo, na kukishikilia sekunde kadhaa. Wanaachia. Wanakaa kimya hadi mwangwi ufe wenyewe. Kibonyezo kinachofuata. Stopu moja, yaani safu moja ya mabomba yenye sauti yake, ikiisha, wanafungua nyingine na kuanza upya. Kinanda cha mafundi wa ukoo wa Schnitger kilichopo Zwolle, Uholanzi, cha mwaka 1721, kina stopu 64. Piga hesabu mwenyewe ni usiku mangapi hayo.

Sampuli hizo, yaani rekodi za bomba mojamoja, zikishasafishwa hupakiwa kwenye programu kama Hauptwerk au GrandOrgue. Unaunganisha kibodi na pedali za midi, zile zinazotuma noti kwenye kompyuta, unavaa hedifoni, na ukibonyeza do unapata do ya bomba lilelile la Zwolle pamoja na mwangwi wa kanisa lake. Saa nane za usiku, sebuleni, na hakuna aliyeamka. Mimi ni mtumiaji, tena mlevi wa kitu hiki, kwa hiyo msinione kama mpinzani.

Linalonikera ni hili. Vinanda hivi vimetunzwa kwa karne kadhaa na fedha za umma, iwe sadaka au kodi. Chukueni Ufaransa: tangu sheria ya mwaka 1905, makanisa ya parokia yaliyojengwa kabla ya hapo kwa kawaida ni mali ya manispaa, na makanisa makuu mengi ni mali ya serikali. Kinanda kilichomo kinafuata jengo. Sasa anakuja mrekodi, anaelewana na wenye kanisa, anachukua sauti ya kila bomba, na kinachotoka mwisho ni faili lililofungwa kwa ufunguo, linalofunguka kwenye programu moja tu, kwa leseni ya mtu mmoja. Mkazi wa mji huo aliyechangia paa lisivujie mabomba atalinunua kama mtu wa bara jingine.

Lingekuwa jambo dogo kama vinanda vingekuwa vya milele. Kinanda kikuu cha kanisa kuu la Nantes, Ufaransa, asili yake ilikuwa ya mwaka 1621. Kilivuka Mapinduzi ya Ufaransa, kikavuka na moto wa mwaka 1972. Tarehe 18 Julai 2020 kiliteketea. Kabla yake kinanda kilichoitwa Totentanz kule Lübeck, ambacho Ujerumani nzima ya wapiga vinanda ilikifahamu, kiliungua kwa mabomu ya mwaka 1942. Kinanda kikishakuwa majivu, sampuli ndiyo iliyobaki, na sioni kwa nini iliyobaki hiyo iwe chini ya leseni.

Pendekezo langu: kanisa au manispaa ikimruhusu mtu kurekodi bomba kwa bomba, sharti liwe kwamba rekodi ghafi zinawekwa kwenye hifadhi ya umma, na baada ya miaka michache ziwe huru kwa yeyote. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, unachanganya mali na sauti. Bomba ni mali. Sauti ikishatoka ni upepo. Hakimiliki katika nchi nyingi hailindi sauti ya ala, inalinda rekodi, na rekodi ni ya aliyeirekodi. Hakuna aliyeuza kinanda. Kipo palepale. Omba ufunguo wa kanisa, nenda na maikrofoni zako, karekodi, kisha ugawe bure. Nani kakushika mkono?

Mchangiaji wa pili

Nimewahi kufanya hiyo "nenda karekodi", kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Kilikuwa kinanda kidogo, stopu saba, mabomba mia tatu na ushee. Nilijiambia ni kazi ya siku mbili. Usiku wa kwanza nilirudi nyumbani na rekodi nzuri sana ya jokofu la sakristia. Usiku wa pili jokofu likazimwa, nikagundua kwamba mabenchi ya mbao yanalia yakipoa. Tak. Unasubiri sekunde nne za mwangwi, na kwenye ya tatu: tak. Rudia. Halafu kuna joto. Hewa ikishuka digrii moja, bomba hushuka takribani asilimia tatu ya nusu toni. Sikio haliwezi kulilalamikia hilo kwa bomba moja, lakini ukianza saa tatu usiku na kumaliza saa kumi, bomba la mwisho limetoka kwenye kanisa jingine kabisa.

Na kila bomba halirekodiwi mara moja. Ukiachia kibonyezo haraka, kanisa halijawahi kujaa sauti, mwangwi wake ni mfupi na mwembamba. Ukikishikilia, mwangwi ni mwingine. Kwa hiyo unachukua kuachia kwa haraka, kwa wastani na kwa taratibu. Zidisha kwa tatu.

Hapo hujagusa kompyuta. Kila sampuli imebeba mvumo wa upepo wa kinanda. Mmoja huusikii. Lakini mpigaji akishika noti kumi kwa stopu ishirini, programu inapiga sampuli mia mbili kwa pamoja, na mivumo mia mbili ni maporomoko ya maji. Inabidi uuondoe kwenye kila faili bila kuondoa pumzi ya bomba lenyewe, kisha uurudishe mara moja tu, kama faili lake peke yake. Baada ya hapo unatafuta sehemu ya kuzungushia sauti ili noti iendelee muda wowote mtu anaoshikilia. Ukikosea mahali pa kuunganisha, noti inayumba wau-wau-wau kama feni mbovu. Nilikaa miezi miwili, kila jioni, kwa stopu saba. Wa Zwolle alikaa na 64.

Sasa mleta mada anataka hiyo iwe ya umma. Ya umma ni bomba. Miezi miwili ni yangu.

Mchangiaji wa tatu

Ninapiga kinanda cha mabomba kila Jumapili, na naona mnagombania picha huku mwenye sura amesimama mlangoni.

Ndani ya kinanda, mabomba yote yanakunywa kwenye sanduku moja la upepo. Ukiangusha kishindo cha noti nyingi, mivukuto inahema, sauti inazama kidogo kisha inainuka. Mabomba mawili yaliyosimama jirani na yanayokaribiana toni huvutana hadi yakubaliane. Kwenye kinanda cha mitambo ya fito, kidole kikifungua vali polepole bomba linaanza kwa namna nyingine. Sampuli ni bomba moja, limeitwa peke yake, usiku, likajibu swali moja. Programu zinajaribu kuigiza ule upepo kwa hesabu, na zinajitahidi kwelikweli. Lakini ni kuigiza.

Ubishi huu wala si mpya. Miaka ya 1930 kampuni ya Hammond ilitangaza kwamba kinanda chake cha umeme kinalingana na cha mabomba cha dola 10,000. Tume ya Biashara ya Marekani ikaifungulia shauri. Vinanda viwili vikashindanishwa kwenye kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago, wasikilizaji wakaambiwa watambue kipi ni kipi. Mawakili wa Hammond wakadai wasikilizaji walikosea au walibahatisha karibu nusu ya majaribio. Upande wa pili ukajibu kwamba jaribio lenyewe halikuwa la haki. Mwaka 1938 kampuni iliamriwa iache madai kadhaa, likiwemo hilo la dola 10,000. Ukinisomea ugomvi huo bila tarehe nitadhani ni wa wiki iliyopita.

Hofu yangu ni ya kikao cha fedha cha kanisa. Fundi wa mabomba analeta makadirio ya ukarabati, mzee mmoja anainua mkono: "Si tulishakirekodi? Basi tununue spika." Hilo halihitaji moto wa Nantes. Pendekezo la mleta mada la hifadhi ya umma litampa mzee huyo karatasi ya kushika: sauti imehifadhiwa, tulale. Mwaka 2017 UNESCO iliingiza Ujerumani kwenye orodha ya urithi usioshikika, na kilichoandikwa pale ni ufundi wa kujenga vinanda na muziki wake. Mikono, yaani. Faili halijui kukata ulimi wa bomba la tarumbeta.

Na waliofuata njia ya spika wapo waliorudi. Kanisa la Trinity, Wall Street, New York, kinanda chake kiliharibiwa na vumbi la Septemba 11, 2001. Mwaka 2003 wakafunga cha kidijitali, kazi ya kampuni ya Marshall & Ogletree, na kilisifiwa na watu wasiosifia ovyo. Baadaye wakaamua kurudi kwenye mabomba.

Mchangiaji wa nne

Mpiga kinanda wa Jumapili, wewe una ufunguo wa kanisa. Wengine tunajifunzia wapi? Hata wapigaji wa karne ya 18 hawakuwa wanakwenda kanisani kila wakitaka zoezi. Kulikuwa na baridi, na lazima umpate mtu wa kukanyaga mivukuto. Nyumbani walikuwa na klavikodi yenye pedali, ala ndogo ya nyuzi yenye vibonyezo na sauti ya chini. Hii kompyuta yangu ndiyo klavikodi yangu. Sijawahi kudai ni kinanda.

Halafu kwa mleta mada: si kila kitu kimefungwa. Piotr Grabowski wa Poland ametoa seti nyingi bure, kikiwemo kinanda cha Friesach kule Austria, na GrandOrgue ni programu huria. Nimejifunzia hapo miaka yote bila kulipa chochote.

Mleta mada

Nimesoma wote. Nianze na mchangiaji wa nne: nawe umenithibitishia. Seti hizo ni bure kwa sababu mtu mmoja ni mkarimu. Mimi naongelea kinachofanyika pale mrekodi asipokuwa mkarimu, au akifa, au programu inayosoma ufunguo wake ikikoma kutengenezwa.

Mchangiaji wa kwanza, "nenda karekodi" ni jibu zuri kwa kinanda kinachopumua. Kwa Nantes utarekodi nini? Hata kinachopumua hakibaki kilekile. Kinanda kikuu cha Notre-Dame cha Paris, chenye mabomba takriban 8,000, hakikuungua kwenye moto wa mwaka 2019, lakini kilifumuliwa, kikasafishwa vumbi la madini ya risasi, kikarudishwa, na kikasikika tena tarehe 7 Desemba 2024 ndani ya kanisa ambalo mawe yake nayo yamesafishwa. Ukuta ukibadilika, mwangwi umebadilika. Kila rekodi ni ya usiku wake, na usiku wa 2018 haurudi kwa kuomba ufunguo.

Mpiga kinanda, hofu yako ya yule mzee wa kikao imenishika, na sikuwa nimeifikiria. Naongeza sharti: sehemu ya mauzo ya seti irudi kwenye mfuko wa matengenezo ya kinanda hichohicho, na iandikwe kwenye mkataba, isiachwe kwenye heshima ya mtu. Mzee akiinua mkono, mhasibu amwonyeshe kwamba sampuli inakilisha kinanda. Haitamnyamazisha kila mzee, najua.

Wa pili ndiye aliyenisogeza zaidi. Ile miezi miwili ni yako, naondoa mkono. Kusafisha, kuzungusha, kupanga, vyote uza kwa leseni unayotaka. Ninachodai ni kile kilichoingia kwenye maikrofoni kabla hujakigusa. Hicho hukukitengeneza. Bomba lilikitengeneza, na bomba si lako.

Mchangiaji wa kwanza

Na maikrofoni? Ilijitega? Mahali pa kuitega ni nusu ya kazi. Sogeza mita mbili nyuma na una kinanda kingine.

Mchangiaji wa pili

Hapo mwenzangu kasema kweli, ila niseme ukweli mwingine unaoniumiza. Rekodi ghafi za kile kinanda kidogo ziko kwenye diski moja, kwenye droo. Miaka kadhaa sijaiwasha. Ikifa, imekufa, na seti niliyoitengeneza imepunguzwa sana, huwezi kurudi nyuma kutoka pale. Kanisa lenyewe halina nakala. Hawakuomba, nami sikuwaza kuwapa.

Kwa hiyo labda ningekubali kupeleka. Lakini mjue mnachoomba. Ghafi ni ghafi kweli. Mabenchi yamo, tak zote zimo. Mtu anafungua mlango na kuomba radhi kwa kunong'ona. Kwenye stopu iitwayo Gedackt, bomba la 41, katikati ya mwangwi, nimekohoa, nikakohoa tena, kisha nikatukana. Hilo nalo liende hifadhi ya umma?

Mleta mada

Lipeleke kama lilivyo. Miaka mia ijayo atatokea wa kulipima kanisa hilo kwa kikohozi chako.

Mchangiaji wa tatu

Na tusi?