Gereji mnaofunga stata feki kwenye V8 kisha mnapotea na ya zamani, huu ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho maana wengi humu mna haya magari.

Gari langu ni Land Cruiser 100 ya petroli, injini 2UZ, ile V8 ya lita 4.7, ya mwaka 2002. Wenye nazo mnaijua. Ukiipa oili na maji kwa wakati haina shida na mtu. Ila stata yake, ile mota ya umeme inayozungusha injini ukigeuza funguo, haiko ubavuni kama kwenye magari mengi, ambako fundi anaingia chini, anafungua bolti na waya, anashuka nayo. Toyota waliilaza katikati ya V, juu ya bloku, chini kabisa ya inteki, ile mikono inayopeleka hewa kwenye silinda. Kuifikia unatoa kava la juu, bomba la hewa linalotoka kwenye filta, unashughulika na throto na mipira yake ya maji, unachomoa soketi za nozeli, unafungua paipu ya mafuta, unachomoa mipira ya vakyumu, ndipo unanyanyua inteki nzima. Hapo matundu ya hewa ya silinda zote nane yako wazi, nati moja ikitumbukia umeua injini. Na wakati wa kurudisha, gasketi za inteki zinatakiwa ziwe mpya. Fundi makini siku yake nzima inaishia hapo.

Kwa hiyo mtu anayekufungia stata ya ovyo kwenye injini hii anajua kabisa anachokufanyia. Ikifa, bei ya stata ndiyo hasara ndogo. Ufundi wote unaanza upya.

Gari lilianza kusumbua nikiwa Dar. Unageuza funguo unasikia "tak" moja, kimya. Unarudia, tak. Mara ya nne au ya tano linawaka kama kawaida. Taa za dashibodi hazififii, honi inalia vizuri, betri haina hata mwaka. Nikalipeleka gereji moja ya mjini, kubwa tu, ina geti na mlinzi. Siitaji jina hapa kwa sababu suala nalipeleka kunakohusika. Fundi akaja, akageuza funguo mara moja, akashuka. "Bosi, stata imekufa hiyo. Tunakuwekea mpya, original, Denso." (Denso ndiyo kampuni inayowatengenezea Toyota stata.) Mita ya kupimia umeme hakushika. Hakujaribu kuwasha gia ikiwa N, wala hakugusa rilei. Stata laki nane na nusu, ufundi laki mbili na nusu. Nikalipa.

Sasa nisikilizeni kuhusu ile "tak", maana hapa ndipo watu wanaibiwa kila siku. Stata hizi za Denso zina solenoidi, na ndani yake kuna vipande vya shaba, kopa, viwili. Ukigeuza funguo, solenoidi inavuta, kile kichwa cha plunja kinagonga kopa zote mbili kwa pamoja na umeme mkubwa wa betri unapita kwenda kwenye mota. Kila unapowasha gari panaruka cheche, kopa inaliwa kidogo kidogo, na mara nyingi upande mmoja unaisha kabla ya mwingine. Baada ya miaka mingi plunja inafika lakini haigusi sawasawa. Unasikia mlio, umeme haupiti. Ukirudia inabahatika kugusa, gari linawaka. Amecha na kaboni, vile vya ndani ya mota yenyewe, vinaweza kuwa bado vizima kabisa. Kopa zinauzwa peke yake, na fundi umeme anayejua kazi anazibadilisha akiwa amekaa kwenye kiti, stata ikiwa mezani.

Dalili za gari langu zilikuwa hizo hizo, moja baada ya nyingine. Inawezekana stata iliyokuja na gari toka kiwandani ilihitaji kopa tu, na kwa kuwa inteki ilikuwa imeshafunguliwa, kazi hiyo ingeongeza saa moja. Ningethibitisha vipi? Niliomba stata yangu ya zamani wakati wa kuchukua gari. Jibu: "Tumeshatupa bosi, taka zimeshabebwa." Nani Dar hii anatupa stata ya Denso? Mji ambao kipande cha waya wa shaba kina mnunuzi! Ushahidi sina wa ilikoenda, lakini kila mtu aliyewahi kupita kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani, Kariakoo, anajua stata ya 2UZ iliyotumika ina bei gani ikishasafishwa.

Tangu siku hiyo sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ikawa inapanda na kushuka, ukisimama kwenye foleni gari linatetemeka, na mafuta linakunywa kuliko zamani. Nikapiga simu. Wakasema betri ilichomolewa kwa hiyo kompyuta ya gari "inajifunza", nivumilie. Ni kweli kompyuta hujirekebisha betri ikichomolewa, lakini haichukui wiki na wiki.

Halafu ikaja safari ya Iringa. Nilikuwa namrudisha mama nyumbani kutoka kliniki Dar. Morogoro tukapita, Mikumi tukapita, Ruaha Mbuyuni, tukapanda Kitonga nyuma ya malori yanayotembea kwa kuhesabu. Injini imepata moto wa kazi. Tukafika Ilula, nikazima tununue vitunguu na nyanya. Kurudi, nageuza funguo: stata inazunguka kwa kujikokota, harufu ya kuungua, halafu kimya. Haikutoa tena hata tak.

Mnielewe kuhusu joto. Stata iliyokaa katikati ya silinda nane inapikwa kila siku, hasa dakika zile baada ya kuzima gari moto, feni haizunguki na hewa haipiti. Stata ya Denso imetengenezwa kuvumilia hayo. Ya kuigiza haivumilii. Na gari ni otomatiki, kwa hiyo hakuna cha kuwaita vijana wasukume. Mama yangu, mgonjwa, alikaa kwenye kiti cha mbele mpaka giza linaingia ndipo tukapata chumba cha kulala. Namshukuru Mungu haikutokea kule ndani ya hifadhi ya Mikumi.

Asubuhi tukavutwa mpaka Iringa. (Kabla ya kuvutwa hakikisheni gia ya transfa, ile inayogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, iko N. Hili gari ni 4x4 muda wote, ukilivuta hivi hivi unaua gia boksi na bili nyingine inaanza.)

Fundi wa Iringa ni mzee wa makamo, gereji yake ni mabati na mwembe. Jambo la kwanza alishika mita. Betri ikiwa imetulia, volti 12.6. Akaangalia tamino, akaangalia waya wa ethi unaoshika kwenye bloku, akapima kama umeme unafika kwenye waya mdogo wa stata funguo ikigeuzwa. Unafika. Ndipo akasema, "Mwanangu, sasa tuna sababu ya kufungua." Nilitamani wale wa Dar wangekuwepo wasikie.

Alichokikuta aliniita nikione kwa macho yangu. Gasketi za inteki ni zile zile za zamani, zimepakwa silikoni nyekundu, na ulimi mmoja wa hiyo silikoni umening'inia ndani ya tundu la hewa ukisubiri kunyonywa. Hapo ndipo hewa ilikuwa inavuja na sailensi kucheza. Kishikio cha soketi ya nozeli kimevunjwa kikafungwa kwa waya. Stata yenyewe ina stika ya Denso, ukiikwangua kwa kucha inatoka. Haina namba iliyogongwa popote. Alipoifungua, kaboni zimeungua mpaka kwenye waya, na meno ya pinioni, ile gia ndogo ya stata, yameanza kuliwa. Maana yake yalikuwa yanakwangua na meno ya ringi gia, ile gia kubwa ya injini inayozungushwa na stata, na ringi gia ya otomatiki kuibadilisha lazima ushushe gia boksi. Mnaona hasara inakoelekea?

Mzee akatafuta stata ya mtumba ya Denso yenyewe, akaweka kopa mpya na kaboni mpya, akaifunga kwenye jiriwa na kuijaribu kwa betri mezani, tena na tena, mimi nikiwa nimesimama pale. Gasketi mpya zikatumwa kwa basi kutoka Dar. Alipomaliza, gari likatulia, sailensi imenyooka kama zamani. Ile feki akaniwekea kwenye mfuko bila kuombwa.

Nikawapigia gereji ya Dar. Kwanza wakasema nimechezewa huko Iringa. Nilipowaambia ninayo stata yao mkononi pamoja na picha za silikoni, wakahamia kwenye lile bango la kila duka la spea, "Vifaa vya umeme havirudishwi". Bango hilo linawalinda wauza feki, basi. Mtu anakuuzia kitu siyo alichokutajia, halafu anakuonyesha bango! Nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wakasema mashine ilikuwa mbovu siku ile. Nina karatasi ya mkono imeandikwa "stata 1 + ufundi". Kwa shilingi milioni moja na laki moja.

Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, na kutotoa risiti ni kazi ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Naenda kote kuwili, mfuko wangu wa stata mkononi.

Wenye 2UZ humu, fundi asinyanyue inteki yako bila kupima umeme mbele yako. Mtake gasketi mpya mzione kabla hazijafungwa. Stata ikija angalieni namba, za Toyota huanza na 28100, iwe imeandikwa pia kwenye risiti ya EFD. Ijaribiwe kwa betri mezani kabla haijaingia. Na ya zamani mnaondoka nayo, hata kama imekufa kabisa, ni mali yenu mliyoinunua pamoja na gari.

Aliyefanyiwa hivi na gereji ya Dar kwenye V8, aweke hapa gari gani na alifungiwa nini, majina ya gereji tuyaache. Nataka niende FCC na malalamiko ya zaidi ya mtu mmoja. Picha za ile stata na silikoni naziweka usiku nikifika nyumbani.