Tupeane uzoefu: GPS unaibebaje porini ili mikono ibaki huru?

Mkata Mkuza
Wakuu, habari za leo. Naomba tulizungumze jambo moja tu: ukiwa mlimani au msituni na GPS ya mkononi, yaani kifaa kinachokuonyesha ulipo kwa setilaiti, unaiweka wapi ili mikono yako ifanye kazi nyingine? Sizungumzii simu. Nazungumzia vile vifaa vyenyewe, eTrex, GPSMAP na ndugu zake, ambavyo wengi wetu tumekabidhiwa kazini au tumenunua kwa kujinyima.

Naanza na yangu. Mwaka juzi tulikuwa Uluguru, juu ya Morningside kuelekea Bondwa, tunapima miti. Anayeijua njia ile anajua udongo wake ukinyeshewa unavyokuwa: mfinyanzi mwekundu, unateleza kama sabuni, na mguu hauna pa kukanyaga ila kwenye mizizi. GPS nilikuwa nimeishika mkono wa kushoto, fimbo kulia. Mguu ukachomoka. Mkono ukiona unaanguka hausubiri kuambiwa, unakamata kilicho karibu. Wangu uliachia kifaa ukashika mzizi. Nikasikia kikigonga jiwe mara mbili, halafu kimya. Tulishuka korongoni watu watatu tukatafuta mpaka saa tisa alasiri, hatukukiona. Ndani yake kulikuwa na pointi 41 za siku mbili, yaani mahali tulipopahifadhi, na kwenye daftari nilikuwa nimeandika namba za miti tu, bila kodineti, zile namba za kuonyesha kila mti ulipo. Kazi yote tuliirudia. Mpaka leo inaniuma, maana wale vijana walioshika futi na rangi walilipwa kwa siku, na siku zile mbili zilikwenda bure.

Baada ya hapo nikajaribu kamba ya shingoni. Ukiinama kupima kipenyo cha mti, kifaa kinaning'inia mbele na kugonga shina. Ukipita kwenye vichaka kinanasa, na kikinasa unapoteremka, shingo ndiyo inayovutwa. Niliiacha wiki ileile. Nikahamia mfuko wa suruali, wa pembeni ya paja. Kifaa kikatulia vizuri kabisa, lakini nilipofungua ramani jioni nikakuta mstari wa njia yetu umeruka ng'ambo ya mto ambao hatukuuvuka. Signali ya setilaiti inafika chini ikiwa dhaifu sana, na mwili wa mtu umejaa maji, unaizuia. Majani ya msitu yameshapunguza, na paja likamalizia.

Sasa hivi naiweka kwenye mkanda wa begi, bega la kushoto, chini kidogo ya mtulinga. Nimeishika kwa vitu viwili: klipu inayoteleza kwenye reli ya mgongoni mwa kifaa, na kamba nyembamba ya akiba iliyofungwa kwenye kitundu cha kifaa, ncha ya pili kwenye kitanzi cha juu cha mkanda. Klipu ikifunguka, kamba inadaka. Karibuni na nyinyi.

Gaidi wa Kibo
Asante mkuu kwa mada. Pole kwa hizo pointi.

Mimi napandisha wageni Kilimanjaro, njia ya Marangu. Mtu ataniuliza GPS ya nini wakati njia naijua kwa miguu. Siku ya theluji na ukungu, unaposhuka kutoka Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, na alama za nyayo zimefunikwa, ndipo unapojua kazi yake. Na usiku wa kwenda kileleni mikono yote miwili ina fimbo, ndani ya glavu nene. Huwezi kushika kitu kingine.

Kwangu adui ni baridi. Mwanzoni niliivaa begani kama wewe. Tulitoka Kibo Hut, mita 4,720, saa sita usiku, betri mpya kabisa za alkalini. Kiwanda kinasema eTrex yangu inakaa saa 25 kwa betri mbili. Kabla hatujafika Gilman's ikazima. Nilipozitia betri mfukoni zikapata joto la mwili, asubuhi zikawaka tena. Kumbe hazikuwa zimeisha, ziliganda tu. Tangu siku hiyo natumia betri za lithiamu za ukubwa uleule, na usiku ule naihamishia ndani ya koti, mfuko wa kifuani, juu kabisa karibu na bega. Kitambaa na manyoya ya koti havizuii signali. Ila lile blanketi la dharura la kung'aa kama foili ya jikoni, ukijifunika nalo, setilaiti zinapotea.

Jua likichomoza naitoa tena nje.

Binti Msitu
Habari zenu. Nachangia kama mwanamke, kwa sababu mikanda ya kifuani inayouzwa haikuwahi kunikaa. Ile pochi inayofungwa katikati ya kifua inasukumwa mbele, na nikitazama chini sioni ninapokanyaga. Kwenye mteremko wa Udzungwa hilo ni kosa kubwa.

Nilikwenda kwa fundi cherehani Mang'ula na kipande cha turubai, nikamweleza ninachotaka. Alinishonea pochi ndogo ya kuvaa kwenye mkanda wa begi: nyuma ina vitanzi viwili, kimoja juu, kimoja chini, ili isizunguke, mbele ina dirisha la nailoni ngumu inayopitisha mwanga, juu ina kifuniko cha kukunja chenye vifungo vya kubana. Naisoma bila kuitoa, na vitufe vinabonyezeka juu ya nailoni.

Makosa mawili niliyoyaona ili msiyarudie. Kwanza, jasho. Saa moja ya kupanda na dirisha limejaa ukungu, husomi kitu. Fundi akatoboa matundu mawili chini na kuyatia pete za chuma kama za turubai la lori. Maji yanatoka, hewa inaingia. Pili, pochi ilibana mno. eTrex ukikandamiza ile fimbo ndogo ya juu kwa muda inaweka pointi. Siku moja niliporudi kambini nikakuta pointi 17 sijui zimetoka wapi, mkanda ulikuwa unaikandamiza kila ninapovuta begi. Acheni nafasi ya kidole upande wa fimbo. Na wenye vifaa vya kugusa kioo, fungeni kioo kabla ya kuingia vichakani, matawi nayo yanagusa.

Mpanda Nyandarua
Hamjambo kutoka Kenya. Mimi nina la sumaku.

Nilikuwa kwenye nyanda za juu za Aberdare, tukielekea Ol Donyo Lesatima, mita 4,001. Ukungu ulishuka tukawa hatuonani mita kumi. Nikasimama, nikatazama dira ya GPS, ikanielekeza kule tulikotoka. Nikageuka, nayo ikageuka kidogo kisha ikakwama. Nilikuwa nimeivaa kwenye mkanda mmoja na redio ya mawasiliano, na spika ya redio ina sumaku. Wenzangu walikuwa tayari kunifuata, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Kilichotusaidia ni kutembea. Kifaa kikiwa kwenye mwendo kinaweza kujua unaelekea wapi kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo, hakihitaji sumaku. Tulipiga hatua kama hamsini, mshale ukakaa sawa. Redio nikaihamishia mkanda wa kulia na dira nikairekebisha upya. Angalieni pia pochi zenye kifungo cha sumaku, zimejaa madukani.

Mkata Mkuza
Mkuu, hilo la sumaku sikulifikiria kabisa. Redio yangu nayo iko kushoto. Leo hii naihamisha.

Mzee Teodolaiti
Wanangu, nimewasoma. Nilianza kupima mipaka ya misitu enzi za dira na mnyororo. GPS za kwanza tulizoletewa hatukujali zinakaa wapi mwilini, kwa sababu Wamarekani walikuwa wanaivuruga kwa makusudi signali ya raia, na kosa lilifika mita 100. Waliacha Mei 2000. Kuanzia hapo ndipo mahali unapoiweka kukawa na maana.

Nina mawili. La kwanza: ukitaka njia tu irekodiwe, bila kuitazama kila mara, iweke kwenye kifuniko cha juu cha begi, nyuma ya kisogo. Hakuna mahali mwilini panapoona mbingu vizuri kuliko hapo. Lakini angalieni aina ya kifaa. Zile zenye kipembe kirefu cha antena juu, familia ya GPSMAP 60 mpaka 64, zinataka kusimama wima, kipembe juu. Nimeona vijana wanaining'iniza kichwa chini ili wakiinyanyua waisome sawasawa. Inasomeka, lakini antena inatazama ardhi. eTrex antena yake ni bapa, inapendelea kulala ikitazama mbingu.

La pili ni la uchungu. Msifunge GPS kwenye kifundo cha mkono unaoshika panga. Kijana wangu mmoja alifanya hivyo, kamba ikanasa kwenye mtambaa wakati panga linashuka, likageuka likampiga kwenye muundi. Tulimbeba kwa muda wa saa tano mpaka barabarani. Alipona, lakini sikuwahi tena kuruhusu kamba mkononi kwenye kikosi changu.

Halafu hakikisheni datum, yaani msingi ambao kodineti zinahesabiwa kutoka kwake, inalingana na ramani. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zinatumia datum ya Arc 1960. Ukiacha kifaa kwenye WGS84, datum ya GPS yenyewe, ukasoma kwenye ramani hiyo, unapotea karibu mita 300.

Mkata Mkuza
Shikamoo mzee. Hilo la datum linastahili mada yake, naomba ulianzishe tujifunze. Nimeguswa na habari ya huyo kijana.

Kijana wa Mutwanga
Jambo kwenu wote. Mimi niko Congo, upande wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Huku kwetu ni matope mpaka magoti, buti za mpira na fimbo. Klipu ya plastiki ilivunjika safari ya kwanza. Sasa natumia mpira wa tyubu ya baiskeli, vipande viwili: ninavizungusha juu ya GPS na mkanda wa begi, kimoja juu ya kioo, kimoja chini. Hautelezi hata ukiwa na matope. Na kamba ya akiba ni ule waya wa msokoto wa simu ya mezani ya zamani. Unaivuta mpaka machoni, ukiachia inajirudisha yenyewe. Haining'inii kugonga magoti.

Binti Msitu
Waya wa simu! Nimeutafuta nikaupata kwa fundi redio. Umekaa vizuri sana. Kamba yangu ya zamani ilikuwa ndefu, nikianguka kifaa kilifika usawa wa mawe.

Gaidi wa Kibo
Narudi na majibu, nimeshuka jana. Huo waya wa simu niliujaribu. Mpaka kambi ya Horombo ulikuwa safi, wageni wenyewe waliuulizia. Juu ya Kibo Hut plastiki ikakakamaa kwa baridi, ukivuta haurudi, na karibu na Gilman's ukapasuka ganda. Kwa hiyo kwa wa huku juu, tumieni kamba ya kiatu. Nimepima yangu: sentimita 45 kutoka kitanzi cha bega. Inafika machoni, na nikiiachia haifiki mkanda wa kiuno. Mpira wa tyubu lakini umevumilia mpaka Uhuru na kurudi, kifaa hakikusogea.

Mkata Mkuza
Sentimita 45, nimeandika. Jumatatu tunaingia Kimhandu, kulekule Uluguru, siku sita. Naweka mpira wa tyubu, kamba ya kiatu, na redio bega la kulia. Na kila jioni nitanakili kodineti kwenye daftari.